Reti za ardhi zifutwe tulipe kwa risiti? Piga hesabu yako kwanza

Wiki jana Baba Njeri alinikuta kwa ngazi nikipanda na mtungi wa gesi begani, akanisimamisha hapo hapo floo ya pili bila hata kunisaidia kubeba. "Jirani, wewe ni mtu wa hesabu. Kuna watu wanasema hizi reti za ploti zifutwe kabisa, badala yake kaunti iweke ushuru kidogo tu kwa vitu tunanunua dukani. Si hapo tutapumua?" Baba Njeri ni mpangaji kama mimi hapa Umoja lakini ana kaploti ka 40 kwa 80 kule Ruai, kako na nyasi na nguzo nne za kona basi, na kila Machi ikikaribia anatembea na ile bili mfukoni kama mtu amepewa samansi.

Nikamwambia anipe siku mbili. Nimezitumia, na hii hapa ndiyo njia niliyofuata, ichukue uweke namba zako. Hauhitaji kusomea uchumi, unahitaji kalkuleta ya simu, risiti za mwezi mmoja na jioni moja bila mpira.

Kabla ya kugusa kalkuleta, tenganisha majina

Hapa ndio watu wengi wanaangukia. Kiswahili chetu chenyewe kinatuchezea maana kodi ni ile unampelekea landilodi na kodi pia ni ile serikali inakata, kwa hivyo mimi hapa kodi ya nyumba ni ya landilodi, ushuru ni wa serikali, tusikanyagane.

Halafu kuna reti na kuna lendi renti, na si kitu kimoja hata kama zinafanana kwa sikio. Reti ni pesa ya kaunti, inalipwa kila mwaka na mwenye ardhi iliyo kwenye daftari la uthamini, yaani orodha ya kaunti inayoonyesha thamani ya kila ploti. Lendi renti inaenda kwa serikali kuu kupitia wizara ya ardhi, na inalipwa na mtu mwenye lizi, yaani ardhi aliyopewa kwa miaka kadhaa si ya milele. Mtu wa frihodi, ardhi ya milele, hana lendi renti lakini reti anazo. Kwa hivyo mtu akikuambia "wakifuta reti sitalipa tena kitu kwa ploti", muulize kama ni lizi, kwa sababu ile ingine itabaki pale pale. Na kama umejenga nyumba za kupangisha kuna ushuru wa KRA wa mapato ya kodi ya nyumba, ule wa asilimia 7.5 tangu Januari 2024 (ulikuwa 10), nao hautaguswa na hii story.

Kitu kimoja cha kushika sana: reti za Nairobi zinahesabiwa kwa thamani ya ardhi, si ya jengo. Ploti mbili zinazopakana zenye saizi moja, moja ina mabati na kuku, ingine ina ghorofa tano zimejaa wapangaji, reti ni ile ile. Weka hiyo kichwani, tutairudia mbele na itakushangaza.

Sasa tafuta namba yako ya reti

Kwa miaka mingi Nairobi ilikuwa inatumia daftari la uthamini la mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikitoza asilimia 34 ya ile thamani ya zamani, ambayo kwa bei za leo ni mzaha. Baadaye likaja daftari jipya la 2019 na kiwango kikageuka kuwa asilimia 0.115 ya thamani ya sasa ya ardhi. Angalia sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka huu uone kama kiwango kimebadilika, lakini hesabu ni ile ile.

Fomyula ni thamani mara 0.00115. Nasema hivi kwa sababu Baba Njeri alichukua milioni 3 akazidisha kwa 0.115 akapata 345,000 akaketi kwa ngazi. Si hivyo. Asilimia 0.115 ni chini ya nusu ya robo ya asilimia moja. Milioni 3 mara 0.00115 ni shilingi 3,450 kwa mwaka. Akasimama tena.

Kama wewe ni mpangaji usiseme "mimi sina reti". Unazo, ziko ndani ya kodi ya nyumba, angalau kwa nadharia. Zitafute hivi: uliza ploti tupu ya saizi hiyo mtaani kwenu inauzwa ngapi (mabroka watakuambia hata kama hujauliza), zidisha kwa 0.00115, halafu gawa kwa idadi ya nyumba kwenye jengo. Kwetu tuko floo tano, kila floo nyumba nane, jumla 40. Tuseme ploti ni milioni 12. Reti ni 13,800 kwa mwaka. Gawa kwa 40 unapata 345 kwa mwaka, ambayo ni kama shilingi 29 kwa mwezi kwa kila nyumba.

Shilingi 29! Hiyo ndio reti yangu, hata kama landilodi ananiekea yote mimi. Mandazi mbili na chenji.

Risiti, hapa ndio kazi iko

Kusanya kila kitu ulichonunua mwezi mmoja. Risiti za supamaketi ziko sawa, zile za M-Pesa pia, na kwa vitu vya kibanda andika tu kwa daftari maana hakuna mtu anakupa risiti ya nyanya tatu. Mimi nilizimwaga zote kwa meza ya jikoni, zingine zimefifia hadi unazishika kwa taa, mke wangu akapita akaniuliza kama nimeanza kufanya kazi ya KRA.

Gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo leo havina VAT, ule ushuru wa serikali kuu unaowekwa ndani ya bei ya bidhaa: kodi ya nyumba ya kuishi, karo ya shule, nauli ya matatu, unga wa mahindi, mkate wa kawaida, maziwa, mboga na matunda kutoka sokoni, gesi ya kupikia tangu 2023. Fungu la pili ni vitu vyenye VAT, kama sukari, mafuta ya kupika, sabuni, dawa ya meno, nguo, viatu, stima, airtaimu na bando, soda, keki ya besdei, sufuria.

Risiti ya supamaketi inakusaidia, tazama chini kabisa, baada ya jumla, kuna kajedwali kanaonyesha kiasi chenye VAT ya asilimia 16 na kiasi kisicho nayo, na kando ya kila bidhaa kuna herufi inayosema iko upande gani. Yangu ya tarehe 4 ilikuwa na vitu kumi na moja, unga na maziwa viko upande wa sifuri, mafuta, sukari, sabuni ya unga na biskuti za mtoto viko upande wa 16. Ile meseji ya tokeni za stima nayo inaonyesha pesa ya tokeni halafu "makato mengine" kwa jumla, na VAT imejificha ndani ya hayo makato.

Kuhusu duka la mtaani kuna watu wanafikiria ukinunua mafuta ya kupima ya shilingi 30 na sukari ya robo umekwepa VAT kwa sababu mwenye duka hatoi risiti. Haujakwepa. Mwenye duka akiwa na mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka halazimiki kusajiliwa kwa VAT, ni kweli, lakini yeye mwenyewe alinunua kwa holiselo na VAT ikiwa ndani na hana mahali pa kuidai irudishwe, kwa hivyo ameiweka kwa bei yako. Watu wa kadogo wanalipa kama wengine, tofauti ni kwamba hawaioni imeandikwa. Kwa hivyo hata vitu vya kibanda viweke kwa mafungu yake.

Sasa ukishapata jumla ya fungu la pili, itoe VAT iliyo ndani ili upate bei yenyewe. Usizidishe kwa 0.16, ni kosa lile lile la watu wengi. Bei ya rafu tayari ni 116, si 100. Gawa kwa 1.16. Yangu ilitoka hivi: kwa mwezi tunatumia kama 45,000, kodi ya nyumba 14,000, karo 8,000, chakula cha sokoni na unga na maziwa 9,000, nauli 5,000, gesi tuiache leo maana hiyo ya begani itamaliza miezi miwili. Hiyo ni 36,000 haina VAT. Inabaki 9,000. Gawa kwa 1.16 unapata 7,759. Hiyo ndio namba ushuru wa kaunti ungewekewa juu yake, kama wangeiga orodha ya VAT.

Nasema kama, kwa sababu hakuna mtu ameahidi kuiga. Mnakumbuka 2024 mswada wa fedha ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kabla haujaondolewa na kabla mswada wote haujakataliwa baada ya maandamano ya Juni. Siku yoyote mtu akitaka kiwango kionekane kidogo njia rahisi ni kupanua orodha, wanaongeza unga na mkate halafu wanakuambia "ni asilimia moja tu".

Kiwango kitakuwa ngapi?

Hapa hatuna sheria ya kusoma kwa hivyo tunakadiria, na mbinu ni kuanzia kwa pesa inayotafutwa. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kaunti kila robo mwaka zikiwa na mapato ya ndani, hapo unaona reti zimeleta ngapi. Chukua ile namba. Mimi kwa mfano tu nitatumia bilioni 6, isiwe nimeiweka kama ndio makusanyo, ni ya kupigia hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya kama milioni 1.5 Nairobi. Bilioni 6 gawa kwa milioni 1.5 ni 4,000 kwa kaya kwa mwaka, au 333 kwa mwezi. Kama kaya ya kawaida inanunua vitu vya fungu la pili vya kama 11,000 bila VAT, basi unahitaji karibu asilimia 3.

Kwa upande mmoja hiyo ni ya juu kidogo kwa sababu wageni na wafanyabiashara pia wananunua. Kwa upande mwingine ni ya chini sana kwa sababu vibanda vingi havitakusanya kitu. Zikatane, tuende na 3.

Sasa linganisha, na usijidanganye

Mimi: 7,759 mara 0.03 ni 233 kwa mwezi, 2,793 kwa mwaka. Reti zilizo ndani ya kodi yangu ya nyumba ni 345 kwa mwaka. Yaani ningelipa mara nane. Na hiyo ni kama landilodi atanipunguzia ile 29 kwa mwezi, na wewe unamjua landilodi wako.

Nyumba ya Karen ya nusu ekari, tuseme ardhi milioni 40: reti 46,000 kwa mwaka. Wakinunua vitu vya 100,000 kwa mwezi bila VAT watalipa 36,000. Wameokoa 10,000. Sina shida na wao, ni hesabu tu.

Kampuni yenye ekari tupu Upper Hill, ukuta, askari na mbwa mmoja, tuseme milioni 400: reti 460,000. Ushuru wa manunuzi ni chakula cha mbwa. Wamefutiwa karibu yote, na ile ekari inaweza kukaa tupu miaka ishirini ingine wakingoja bei ipande, barabara tukiwajengea sisi na sabuni yetu.

Halafu kuna mtu wa kweli mwenye haki ya kulia, na huyu usimruke. Upande wa Dagoretti kuna familia ziko kwa ardhi ya babu, robo ekari Riruta, shosho anaishi peke yake na miti ya parachichi, hana pesheni, watoto wanatuma pesa wakikumbuka. Ardhi imepanda bei bila yeye kuitisha. Tuseme milioni 25, reti 28,750. Vitu vyake vya dukani ni 5,000 kwa mwezi, gawa 1.16, mara 0.03, ni kama 129 kwa mwezi, 1,552 kwa mwaka. Huyu angepumua vizuri sana. Ukitaka kupinga hii mpango ukiwa na moyo safi lazima uwe na jibu la shosho, na mimi ninalo, nitafika.

Sasa Baba Njeri, maana ni swali lake. Reti 3,450. Kwake vitu vya fungu la pili ni 11,000 kwa bei ya rafu, wako watoto watatu, gawa 1.16 ni 9,483, mara 0.03 ni 284, kwa mwaka ni 3,414.

Anaokoa shilingi 36 kwa mwaka. Nilirudia mara tatu.

Lakini si wapangaji watapunguziwa kodi ya nyumba?

Hili swali litakuja, kwa hivyo lishughulikie mapema. Landilodi hakupangii bei akiangalia bili ya reti, anaangalia jirani anatoza ngapi na nyumba yake inakaa tupu siku ngapi. Ardhi haihami na haiongezeki, ukiipunguzia ushuru hakuna ploti mpya inaota Umoja ya kushindana na yeye. Kinachotokea ni kwamba ile reti iliyofutwa inaingia kwa bei ya ardhi: mnunuzi anajua hatakuwa na bili, anaongeza dau. Aliyekuwa na ploti amefaidika siku hiyo hiyo, anayetafuta ya kununua analipa zaidi. Na Nairobi zaidi ya nyumba nane kwa kumi wanapanga, hiyo sensa inaonyesha, kwa hivyo tukisema "wananchi" kwa huu mji tunasema wapangaji.

Jaribio la daraja la Githurai

Kama unataka kujua kama ushuru wa manunuzi wa kaunti moja utafanya kazi simama pale Githurai kwa daraja la miguu juu ya Thika Road. Upande wa 44 ni Nairobi. Upande wa 45 ni Kiambu. Kati yao ni dakika nne kama haujasimamishwa na muuza soksi. Weka asilimia 3 upande mmoja uone sukari ya jumla itanunuliwa wapi. Ruaka ni hivyo, Rongai ni hivyo, Mlolongo na Syokimau, Kitengela. Televisheni ya 40,000 ni 1,000 na ushei unaokoa kwa kuvuka tu, na mwenye gari ndiye anavuka kwa urahisi, yule wa kadogo ananunua mafuta saa moja jioni kwa duka la chini ya ngazi na haendi popote. Tofauti na ardhi, ambayo haijawahi kuonekana ikivuka daraja na mfuko wa manila.

Je, kaunti inaweza kweli?

Fungua Katiba, kifungu cha 209. Serikali kuu peke yake ndio inaweza kutoza ushuru wa mapato, VAT, forodha na eksaizi. Kaunti imepewa reti za mali, ushuru wa burudani, na ushuru mwingine wowote ambao sheria ya Bunge imeiruhusu. Kwa hivyo gavana hawezi kuamka Jumatatu akaweka asilimia 3 kwa sabuni, inabidi ipitie Bunge kwanza, na hata ikipitia kuna kijifungu cha 5 kinachosema ushuru wa kaunti usizuie biashara na usafirishaji wa bidhaa kuvuka mipaka ya kaunti. Mtu yeyote akija na huu mpango muulize kifungu gani, ukiona ameanza kuongea juu ya Dubai, jua hajasoma.

Na reti zenyewe zina sheria mpya, ile ya kitaifa ya reti iliyotiwa sahihi Desemba 2024, imechukua nafasi ya zile mbili za zamani.

Angalia waliojaribu

Michigan kule Marekani ndio mfano ulio karibu na hii ndoto. Mwaka 1994 wapiga kura walikubali kupunguza ushuru wa mali uliokuwa unalipia shule, na ushuru wa mauzo ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Lakini ona: ulikuwa wa jimbo zima si wa mji mmoja, hawakufuta ushuru wa mali wote, na pesa ya mauzo ina tabia ya kushuka watu wakiacha kununua, reti haijui kama kuna njaa. North Dakota waliulizwa kama wafute kabisa, 2012 na tena 2024, mara zote mbili wakakataa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna mifano mitatu. Uganda waliondoa ule ushuru wa kichwa wa serikali za mitaa mwaka 2005, uchaguzi ukiwa karibu, watu wakashangilia na walikuwa na sababu, ulikuwa unawakimbiza hadi porini, lakini mbadala wa ndani, ushuru wa huduma na wa hoteli, ulikuja 2008. Miaka mitatu wilaya zinangoja pesa ya Kampala. Sisi wenyewe tulikuwa na sevis chaji ya mabaraza ya miji, ilipoondolewa mwisho wa miaka ya 90 ikaja LATF, mgao kutoka kwa ushuru wa mapato, na mabaraza yakajifunza kungoja.

Tanzania ndio ya kusoma vizuri. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwa LUKU, zile tokeni zao za stima, unaponunua umeme. Ilianza na shilingi 1,000 za kwao kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kukusanya imekuwa rahisi kweli, hakuna foleni. Lakini nani ananunua umeme? Mpangaji. Serikali ilisema adai kwa mwenye nyumba au akate kwa kodi ya nyumba. Fikiria ukimwambia keyateka wako mwezi huu nimekata kidogo kwa sababu ya tokeni, halafu fikiria utakaporudi jioni kama kufuli ni ile ile.

Jibu la shosho

Shosho hana shida ya ushuru, ana shida ya pesa mkononi. Ana utajiri wa milioni 25 ambao hauwezi kununua sukari. Kwa hivyo usifute reti za Upper Hill ili umsaidie yeye. Mkoa wa British Columbia huko Kanada watu wa miaka 55 kwenda juu wanaweza kuahirisha ushuru wa nyumba wanayoishi, deni linakaa kwa hati hadi nyumba iuzwe au irithiwe. Andika hivyo kwa ombi lako: mwenye umri fulani, anayeishi hapo mwenyewe, reti ziahirishwe bila penalti, zilipwe ardhi ikibadilisha mkono. Na kwa watu kama Baba Njeri, kulipa kidogo kidogo kwa simu kila mwezi, 3,450 ni 288 kwa mwezi, tunatumia zaidi ya hiyo kwa bando. Kinachoua mtu na reti mara nyingi si reti, ni penalti iliyolala miaka sita kwa sababu mzee alikufa na bili ikaendelea kuja kwa jina lake na hakuna mtu aliifungua.

Jinsi ya kuipeleka

Mswada wa fedha wa kaunti ukitangazwa gazetini au kwa saiti ya bunge la kaunti, kuna siku chache za maoni ya umma, kifungu cha 196 kinawalazimisha kuwahusisha watu. Usiende kupiga kelele tu. Andika memoranda ukurasa mmoja. Juu weka jina la mswada na namba ya kipengele unachozungumzia. Chini sema unataka kibaki, kifutwe au kibadilishwe, na kama ni kubadilishwa andika maneno yenyewe unayotaka yawekwe, mtu wa kamati akipata sentensi imeandikwa tayari kazi yake imepungua. Kisha weka hesabu yako, ile ya 345 na 2,793, na useme wazi ni kiwango gani umekadiria. Tia sahihi, taja wadi yako. Piga kopi mbili, moja waachie, ingine wagonge muhuri wa kupokea, hiyo ya muhuri usitoke bila nayo hata kama karani anakuambia "tutakupigia". Kama ni pendekezo liko Bunge la Taifa si kaunti, kifungu cha 119 kinakupa haki ya kupeleka ombi huko.

Nilimpelekea Baba Njeri hii yote kwa simu jana usiku. Asubuhi nikamkuta kwa mlango wangu na bahasha ya kaki, ndani kuna bili za Ruai tangu 2017, jina ni la mzee wake, tatu bado zimefungwa gundi. "Hizo shilingi 36 achana nazo," akasema, "hebu tuangalie hii penalti." Nimemwambia Jumamosi baada ya chai, na akuje na cheti cha kifo cha mzee na hati ya ploti, kopi na orijino.